Beshte Amekutumia Picha Akitaka Maoni? Hivi Ndivyo Utamwambia Ukweli Bila Kumvunja Moyo

Unajua hiyo form. Beshte yako amenunua kamera ya mtumba, ama ameanza tu kuchapa picha na simu, na saa nne usiku anakutumia moja kwa WhatsApp: "Buda, niambie ukweli." Unamjibu na emoji tatu za moto, unarudi kwa mechi. Ama siku hiyo umechoka, unamwambia "Maze, hii ni mbaya," na hiyo inakuwa picha ya mwisho atawahi kukuonyesha.

Majibu yote mawili ni hasara. La kwanza ni tamu lakini halina kitu ndani, kesho atarudia makosa yale yale mbele ya mteja anayelipa. La pili linauma na bado halimfunzi chochote. Na usidhani hii ni story ya kupitisha wakati. Kuna wasee wengi hapa tao ambao rent yao inatoka kwa kamera: bathdei, ruracio, gradu, na wale unawapata pale KICC wakingoja wageni. Beshte yako anaweza kuwa mmoja wao mwaka ujao. Anaweza pia kuuza hiyo kamera wiki ijayo, na maneno yako yakachangia.

Habari njema ni kwamba si lazima uwe mpiga picha ndio umsaidie. Unahitaji macho, subira kidogo na hizi hatua.

1. Uliza kabla ujibu

Picha ya kumbukumbu ya shosho si sawa na picha ya kutafutia kazi. Muulize maswali mawili: "Ulikuwa unataka hii picha ionyeshe nini?" na "Unataka nicheki nini hasa?" Akikuambia alitaka kuonyesha vile nganya inapita na kasi, basi ule ukungu kwa magurudumu si kosa, ndiyo kitu alikuwa anatafuta. Bila kuuliza ungemkosoa kwa kitu alichofanya sawa.

Na kama hakuomba maoni? Tulia. Mtu akiposti picha za harusi ya siste yake, andika hongera, songa mbele.

2. Icheki vizuri kwanza

Usijibu ukiwa umeona kijipicha kidogo. Fungua ijae kioo, ongeza mwangaza wa simu, iangalie kimya kwa nusu dakika. Jicho lako limeenda wapi kwanza? Limeenda kwa mtu, ama kwa ile karatasi ya buluu iliyo nyuma yake?

Kitu kingine: WhatsApp hubana picha ikitumwa kwa njia ya kawaida. Kabla useme picha haiko wazi, mwambie akutumie kama faili. Labda shida si yake.

3. Taja kinachofanya kazi, na ukitaje kwa jina

"Iko poa" ni salamu tu, haimwambii kitu. Sema: "Vile umengoja huyo mama acheke ndio ukachapa, hapo umeua." Hapa humpaki mafuta. Mtu anayejifunza hufanya vitu vingine vizuri kwa bahati, na asipoambiwa hajui, kesho anaviacha. Ukimwonyesha, bahati inageuka kuwa ujuzi.

4. Chagua kosa moja, na ulipe dawa

Ukimwagia makosa kumi hatakumbuka hata moja. Chagua lile ambalo likirekebishwa picha yote inapanda. Hizi ndizo shida unazokutana nazo sana kwa picha za wanaoanza:

Jua la saa sita. Nairobi iko karibu kabisa na ikweta, kwa hivyo mchana jua linakaa juu ya kichwa. Macho yanageuka mashimo na pua inaangusha kivuli mdomoni. Mwambie asogeze mtu kwa kivuli cha jengo ama kwa mlango, ama angoje kuanzia saa kumi na moja jioni. Lakini asizubae, huku kwetu jua linazama kabla ya saa moja mwaka mzima.

Uso umezama gizani. Kamera hukisia mwanga kwa kupima fremu. Ukimweka mtu mwenye ngozi nyeusi mbele ya anga nyeupe ama ukuta mweupe, kamera inaona weupe mwingi, inapunguza mwanga, na uso unapotea. Kwa simu, agusa uso kwenye kioo halafu apandishe mwangaza kidogo. Hapa chunga mdomo wako. Usiwahi kusema "huyu ni mweusi sana kwa picha." Kwa miongo mingi maabara za filamu zilipima rangi kwa kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke mzungu, zilizoitwa kadi za Shirley, na ngozi zetu zikawa zinatoka vibaya. Ngozi haijawahi kuwa na kosa. Shida ni vile mwanga ulipimwa.

Picha haiko wazi. Kuna ukungu wa aina tatu na kila mmoja una dawa yake. Kama uso umefifia lakini ukuta wa nyuma uko wazi, fokasi ilienda mahali si pake. Kama kila kitu kimefifia kuelekea upande mmoja, mkono ulitikisika, basi abane viwiko kwa mbavu ama aegemee mlingoti. Kama ni mathree peke yake imefifia na majengo yako fiti, shata ilikuwa polepole. Aipandishe hadi kama 1/500 ndio gari linaloenda lisimame kwa picha.

Fujo za nyuma. Mlingoti wa stima unaotoka kichwani, ndoo ya mtu, nguo kwa kamba. Dawa ni ya bure: apige hatua mbili kushoto ama achuchumae.

Fremu. Miguu imekatwa kwa vifundo, ama ghorofa zimeinama kama zinaanguka. Mwambie awashe gridi kwa kamera. Ile mistari itamsaidia kunyoosha, na atajifunza kuweka mtu pembeni kidogo badala ya katikati kila saa.

Kuediti kupita kiasi. Nyasi za kijani ya kuwaka, ngozi laini kama plastiki. Mwambie amalize kuediti, alale, acheki tena asubuhi. Mara nyingi atapunguza mwenyewe.

5. Ongelea picha, usimwongelee mtu

Linganisha hizi mbili. "Wewe hujui mwanga." "Mwanga hapa unatoka nyuma, ndio maana uso umepotea." Ya kwanza ni hukumu, na haina mahali pa kwenda. Ya pili inampa kitu cha kurekebisha kesho. Neno "hujui" litoe kabisa. Pia usimlinganishe na msee mwingine. "Angalia vile fulani anachapa" haijawahi kumfunza mtu kitu, isipokuwa kumchukia fulani.

Na usikimbilie kusema anunue kamera kubwa. Shida nyingi hapo juu zinaisha bila kutoa hata shilingi.

6. Tenganisha kosa na ladha

Wewe unapenda rangi kali, yeye anapenda nyeusi na nyeupe. Hiyo ni ladha, kaa nayo. Ukiona lazima useme, sema wazi: "Hii ni mimi tu, lakini ningeacha rangi." Hapo anajua ana ruhusa ya kukataa. Fokasi iliyokosa jicho kwa picha ya gradu, hiyo ni kosa, na mteja atalalamika.

7. Uliza kuhusu mtu aliye ndani ya picha

Hili wengi wanaliruka. Chokoraa amelala kwa veranda, mama amechoka na mzigo mgongoni, mtoto hana nguo. Picha inaweza kuwa kali na bado isifae kupostiwa. Muulize beshte yako: "Huyu alijua unampiga? Angekubali watu wa kwao waione?" Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 kinalinda faragha ya kila mtu, na kuna Sheria ya Kulinda Data ya 2019. Lakini hata kabla ya sheria kuna utu. Kumwambia hivi leo kunaweza kumwokoa na ngori kubwa kesho.

Mfano mmoja mzima

Tuseme amekutumia picha ya nganya ikipita karibu na Archives jioni, kondakta akiwa amening'inia mlangoni. Unaweza kumjibu hivi:

"Bro, nimeicheki poa. Vile umemshika makanga akiwa nje kabisa, mkono hewani, hiyo ndiyo picha yenyewe. Kitu moja: yeye na gari wamefifia, lakini jengo la nyuma liko wazi. Inamaanisha shata ilikuwa polepole. Kesho jaribu 1/500, na uende mapema kidogo kabla giza iingie ndio upate mwanga wa kutosha. Ama ukitaka ile feeling ya kasi, fuata gari na kamera ukichapa, yeye atabaki wazi na nyuma ndio itafifia. Hebu nionee zote mbili."

Hesabu: sifa moja ya ukweli, kosa moja, sababu yake, na kazi ya kwenda kufanya. Hakuna matusi, hakuna uongo. Imechukua dakika mbili.

Na kama ni wewe unapewa maoni?

Usijitetee kabla msee amalize. Sema asante, jaribu alichosema mara moja, halafu ndio uamue kama kina maana. Ukisikia kitu kimoja kutoka kwa watu watatu ambao hawajuani, shika hilo. Na mtu akikuambia tu "hii ni takataka" bila kusema kwa nini, hapo hujapewa maoni, umesikia tu mood yake ya siku hiyo. Wacha ipite.

Mohamed Amin, Mkenya ambaye kamera yake ilifanya dunia nzima ione njaa ya Ethiopia mwaka wa 1984, naye alikuwa kijana wa kujifunza wakati fulani. Hakuna anayezaliwa akijua shata.

Kwa hivyo rudi kwa ile meseji ya saa nne usiku. Futa zile emoji. Mwandikie sentensi nne, halafu ya mwisho iwe hii: "Ijumaa nitumie ingine." Hiyo ndiyo itamfanya atoke na kamera kesho.