Feza Mikononi mwa Watoto Wetu

Wazazi wengi wanalalamika: «Watoto wa siku hizi hawajui bei ya kitu. Ukimpa mtoto franka za daftari, zimekwisha kwa pipi kabla hajafika shuleni.» Neno hili ni la kweli. Lakini kabla ya kuwahukumu watoto, tujiulize: ni nani aliyepaswa kuwafundisha? Historia ya nchi yetu itatusaidia kujibu.

Zamani, katika Katanga, feza ya wakubwa wetu ilikuwa msalaba wa shaba. Wataalamu waliochimba makaburi ya kale huko Sanga, kando ya ziwa Kisale, katika miaka 1957 na 1958, waliikuta misalaba hiyo pamoja na mifupa ya wafu. Namna ya kuifanya ilielezwa na Monsinyori de Hemptinne, mkuu wa misioni ya Katanga, katika mwaka 1926. Wafua shaba waliitwa «walaji wa shaba». Wakati wa kiangazi, mavuno yakiisha, watu walishika njia ya kwenda penye mawe ya shaba. Wanaume walichimba, wanawake na watoto waliokota mawe ya kijani juu ya ardhi. Wakachoma makaa, wakajenga tanuru, wakavukuta moto, hata shaba ikayeyuka na kumiminwa katika kalibu.

Basi mtoto wa siku zile alijua feza inatoka wapi. Mikono yake mwenyewe ilikuwa imeokota mawe, na macho yake yaliona jasho la baba yake mbele ya moto. Mtoto wetu wa leo anaona noti ikitoka mfukoni tu. Kazi iliyoileta haioni. Je, tumshangae akiitupa?

Hapa wazazi watatujibu: «Sisi tulijua kazi, tukaweka akiba, tukapata nini?» Jibu hilo ni zito, wala hatulidharau. Katika mwaka 1967 zaire moja ilichukua mahali pa franka 1.000, nayo ilikuwa sawa na dola 2 za Marekani. Mwishoni mwa mwaka 1979 serikali ilifuta noti za zaire 5 na za zaire 10. Watu walipewa siku chache tu za kuzibadilisha, na kwa kipimo. Wengi waliokuwa wameficha noti nyumbani walibaki na karatasi bure. Katika mwaka 1993 ilitoka zaire mpya, na moja yake ilikuwa sawa na zaire 3.000.000 za zamani. Tena katika mwaka 1998 ikarudi franka: franka moja kwa zaire mpya 100.000. Ndiyo sababu wengi walijifunza kusema: «Tule leo, kesho feza itakufa.» Watoto wakasikia, wakashika.

Lakini tutazame vizuri. Noti zilikufa, kilichonunuliwa kwa akili hakikufa pamoja nazo. Mwenye kununua jembe alilima. Mwenye kununua cherehani alishona. Mwenye kumsomesha mtoto alipata mtu anayejua kusoma. Kwa hiyo somo la miaka ile si kula haraka, bali kuchagua vema.

Tuanze basi na mambo madogo. Tukimtuma mtoto sokoni kununua chumvi, ahesabu mbele yetu feza anayokwenda nayo na ile anayorudi nayo. Tumwambie ilivyopatikana: mama aliuza mihogo siku nzima juani. Tumwachie kidogo kiwe chake, achague mwenyewe. Akikosea, tusimpige, wala tusimrudishie alichopoteza. Akitamani mpira, tusimnunulie papo hapo. Tumpe kifaranga afuge mpaka akue, auze, anunue.

Naye atatutazama sisi. Baba anayemaliza mshahara katika pombe usiku mmoja, asubuhi atamfundisha nini mtoto wake?