Mbegu za Ukiriguru: Jasho la Miaka Hamsini Lililochanganywa kwa Misimu Michache

Msimu wa kupanda pamba unapokaribia, kuanzia katikati ya Novemba, gumzo katika ofisi za vyama vya msingi vya Bariadi, Itilima na Maswa huwa ni lilelile: mbegu za manyoya au zisizo na manyoya? Anayetetea za manyoya husema amezizoea tangu kwa baba yake, na mvua ikimdanganya hana hasara kubwa ya kupanda upya. Anayetetea zilizonyolewa hujibu kwamba huota mapema, hazigandani mkononi, na ekari moja hutumia mbegu kidogo. Mkulima wa tumbaku kule Urambo hugombana na mteuzi wa madaraja baada ya kuvuna. Huku Usukumani ugomvi huanza kabla jembe halijagusa ardhi.

Kinachosahaulika katika gumzo hilo ni kwamba manyoya ni vazi tu. Mbegu yenyewe, iwe imevaa au imevuliwa, imetoka katika kituo cha utafiti cha Ukiriguru, wilayani Misungwi, mkoani Mwanza. UK77, UK82, UK91 na UKM08 zote ni za ukoo huo.

Pamba ya biashara ililetwa kando ya Ziwa Victoria na Wajerumani mwanzoni mwa karne ya 20, na Waingereza wakaiendeleza. Reli ya kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928 ikipita Malampaka, wilayani Maswa, na marobota yakapata njia ya kwenda bandarini. Tatizo likabaki shambani, na jina lake ni chawajani.

Chawajani ni mdudu mdogo wa kijani anayefyonza utomvu chini ya jani. Jani hujikunja kingo zake kuelekea chini, likawa la njano, kisha jekundu kama lililobabuliwa na moto. Mmea hudumaa, vitumba hupukutika. Zama hizo mkulima wa kawaida hakuwa na bomba la kunyunyizia wala dawa ya kuweka ndani yake. Ama mmea ujilinde wenyewe, ama msimu umekwenda.

Kinga ilipatikana katika vinyweleo. Jani lenye vinyweleo virefu na vingi humsumbua chawajani asitage vizuri kwenye mishipa ya jani. Watafiti walikwisha kuliona hilo Barberton, Afrika Kusini, ambako aina iitwayo U4 ilichaguliwa kwa sababu hiyo hiyo. Ukiriguru wakaifuata njia hiyo. Kumbukumbu za J. E. Peat na K. J. Brown, zilizochapishwa mwaka 1961, zinaieleza kazi hiyo msimu kwa msimu, kuanzia 1939/40 hadi 1957/58. Ukizisoma unaona kazi ya subira. Vijishamba vinapandwa bega kwa bega, vikirudiwa mara kadhaa ili bahati ya udongo isikipe kimoja ushindi wa bure. Pamba ya kila kimoja inapimwa, inachambuliwa, na nyuzi zinapimwa tena. Aina iliyoshinda kwenye luseni, udongo wa kichanga, haikupewa cheo mpaka ijaribiwe na kwingineko, maana Usukuma una ardhi za kila namna mpaka mbuga nyeusi.

Katika vipimo hivyo ndipo penye kiini cha uhasama ambao haujaisha hadi leo. Mkulima huuza pamba mbegu, yaani nyuzi pamoja na kokwa, kwa kilo. Mwenye kiwanda hupata nyuzi ambazo ni kama theluthi moja tu ya uzito huo, hivyo hupenda aina yenye nyuzi nyingi. Mwenye kusokota naye anadai nyuzi ndefu na imara. Mbegu moja, mizani tatu. Kazi ya Ukiriguru ilikuwa kutafuta mbegu ambayo mizani zote tatu zingeikubali, na juu ya hapo iwe na kinga ya ugonjwa wa bakteria, kisha ya mnyauko fuzari.

Zilikuwapo na siasa. Mpango wa Maendeleo ya Usukuma, ulioanza mwaka 1947, ulileta amri za matuta, samadi na kung'oa miti ya pamba baada ya mavuno, na watu wakazichukia. Wakulima wakaunda vyama vyao chini ya Paul Bomani, na mwaka 1955 likazaliwa shirikisho la Victoria. Kufikia 1966 nchi ilivuna zaidi ya marobota 400,000.

Mbegu ilikuwa na nidhamu yake. Aina mpya ilitoka Ukiriguru ikazalishwa kwanza katika eneo dogo lililotengwa, kisha ikasogezwa kanda kwa kanda ikiifukuza ile ya zamani. Viwanda vya eneo hilo havikupokea pamba ya kwingine. Mwaka 1994 soko likafunguliwa. Wanunuzi binafsi walikimbilia pamba popote ilipo, malori yakavuka mipaka ya kanda, na kokwa za kila aina zikakutana ghala moja. UK77 na UK82 zikawa mchanganyiko usio na jina, na UK91 ikaingia nayo katika vurugu hiyo. Kazi ya nusu karne iliharibiwa na haraka ya misimu michache.

Yaliyofuata yanajulikana: Bodi ya Pamba kwa sheria ya 2001, mavuno ya zaidi ya tani 370,000 msimu wa 2005/06 na kuporomoka baadaye, Simiyu kuwa mkoa mwaka 2012, ushirika kurudishwa sokoni 2018. Siku hizi maofisa ugani wanahimiza nafasi ya sentimita 60 kwa 30 badala ya 90 kwa 40, mimea miwili kila shimo, ili ekari ibebe mimea zaidi ya 44,000 badala ya 22,000. Ushauri ni mzuri. Lakini nafasi sahihi haiisaidii mbegu isiyojulikana baba yake.

Simiyu, mkoa unaoongoza nchini kwa pamba, haustahili kusubiri gunia la mbegu kama anayesubiri msaada. Viwanja vya Nyakabindi, ambako Nane Nane ya kitaifa ilifanyika, viwe na mashamba ya kulinganisha aina zote, za manyoya na zisizo na manyoya, kila msimu. Matokeo yabandikwe kwenye ukuta wa kila chama cha msingi kabla ya Novemba, kilo kwa kilo. Mkulima akiona kwa macho yake, ubishi wa mbegu utakwisha. Na mwenye kiwanda atakayechanganya kokwa za kanda mbili anyang'anywe leseni.