Kutoka Shajara za Karema hadi Kanda za Sumaku: Historia ya Uteuzi wa Njia za Kuhifadhi Data za Lugha za Katavi

Ikisiri
Makala haya yanafuatilia historia ya uhifadhi wa kumbukumbu katika eneo ambalo leo ni Mkoa wa Katavi, kuanzia karatasi za wamisionari hadi data za kidijitali. Hoja kuu ni kwamba usalama wa kumbukumbu hutegemea wingi wa nakala na utaratibu wa kuzihamisha kuliko uimara wa kifaa kimoja.

1.0 Utangulizi
Mkoa wa Katavi ulianzishwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Mkoa wa Rukwa, makao makuu yake yakiwa Mpanda. Miongoni mwa lugha zake ni Kibende, Kipimbwe, Kirungwa na Kikonongo. Lugha hizi zina maandishi machache. Kwa hiyo, rekodi ya mzee mmoja akisimulia ngano yaweza kuwa ushahidi pekee wa kipengele fulani cha toni. Ikipotea, hairekodiwi upya, kwani msimulizi mwenyewe huenda hayupo tena.

2.0 Enzi ya Karatasi
Kituo cha Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, kilianzishwa mwaka 1879 na kukabidhiwa kwa Mapadri Weupe mwaka 1885. Shirika hilo liliagiza kila kituo kiandike shajara, na habari za vituo zikachapishwa pia katika jarida lake la ndani. Hivyo, habari za Karema zilikuwapo kituoni na mbali na kituo. Vivyo hivyo, simulizi la maisha ya Adrien Atiman, tabibu aliyehudumu Karema hadi alipofariki mwaka 1956, lilichapishwa katika Tanganyika Notes and Records mwaka 1946. Kwa kuchapishwa, liliingia katika maktaba nyingi. Moto au mchwa wa mahali pamoja usingeliweza kulimaliza.

3.0 Enzi ya Sumaku
Katalogi ya J.W.T. Allen ya mwaka 1970 iliorodhesha miswada pamoja na kanda za sauti zilizokuwa katika maktaba ya chuo kikuu, Dar es Salaam. Kanda zilileta tatizo jipya: mswada husomwa kwa macho, kanda huhitaji mashine. Baadaye, msamiati wa Kibende wa Abe (2006) na Atlasi ya Lugha za Tanzania (2009) vilitolewa katika vitabu. Vitabu hivyo vitasomeka muda mrefu, lakini sauti ya msemaji haimo ndani yake.

4.0 Uteuzi wa Njia ya Kidijitali
Kila njia ina udhaifu wake. Diski za kuchomwa huathiriwa na joto na mwanga. Diski mweko zinazokaa bila umeme huweza kupoteza chaji inayobeba data, na joto huharakisha upotevu huo. Kanda za LTO, zilizoingia sokoni mwaka 2000, hukadiriwa kudumu hadi miaka 30, lakini mashine zake hazisomi vizazi vyote: ya kizazi cha nane husoma kizazi kimoja tu cha nyuma. Kanda huweza kuishi ilhali msomaji wake amekufa.

Ukubwa wa data nao ni kigezo. Saa moja ya sauti ya stereo isiyobanwa, yenye biti 24 na kilohezi 48, huchukua takribani gigabaiti moja. Saa 100 za masimulizi hutoshea katika diski kuu moja ya kawaida. Kwa mkusanyiko wa kiasi hicho, kununua mashine ya LTO Mpanda hakuna tija; diski kuu mbili, zinazokaguliwa na kubadilishwa kabla hazijachakaa, zatosha kwa nakala za mkoani. Nakala ya tatu ikae mbali, katika taasisi yenye kanda na wataalamu. Sauti zihifadhiwe katika WAV, si MP3 inayopunguza taarifa za akustika, na maandishi katika Unicode.

5.0 Hitimisho
Utaratibu wa Karema bado una mafunzo: andika, nakili, peleka mbali. Kilichoongezeka ni wajibu wa kuhamisha data kabla mashine hazijatoweka. Wajibu huo unahitaji mtu aliyepewa jukumu na bajeti tangu siku ya kwanza ya utafiti. Mradi unaomalizika bila kumteua huacha sauti za Wabende na Wapimbwe katika diski isiyo na mwenyewe.