Rada nyingine, na jiwe la Ivuna

Mtajie Mtanzania neno rada, atakumbuka chenji: zile pauni milioni 29.5 za BAE Systems zilizorudi mwaka 2012 ili zinunue vitabu na madawati ya shule. Leo, wadau, naomba tuzungumze juu ya rada nyingine.

Ukipiga ukelele mbele ya majabali yetu ya Musoma, mwangwi unarudi. Rada hufanya hivyo kwa mawimbi ya redio. Muda wa kwenda na kurudi unaeleza umbali. Mabadiliko ya mawimbi yanaeleza kitu kinavyojizungusha. Na jinsi yanavyovurugika inaeleza kama uso ni laini au una mawemawe.

Asteroidi Bennu, inayopita karibu na dunia, iligunduliwa Septemba 1999. Mwaka huohuo, na tena 2005, mitambo ya Arecibo, Puerto Rico, na Goldstone, California, iliipigia mawimbi. Mwangwi ukawachorea wanasayansi umbo kama la pia wanayochezea watoto, lenye upana wa karibu mita 490.

Desemba 2018 chombo cha OSIRIS-REx kilifika huko. Umbo lilikuwa lilelile! Uso ndio uliowaumbua. Rada ilikuwa imeonyesha jabali moja tu kubwa, pengine pote kukionekana laini. Kumbe Bennu imejaa mawe, hata mahali salama pa kugusa pakawa pa kutafuta kwa tochi. Sampuli zilichotwa Oktoba 2020. Desemba mwaka huohuo mtambo wa Arecibo ukaporomoka. Sampuli zikafika duniani Septemba 2023.

Hapa sasa ndipo sisi tunapoingia. Vipimo vilionyesha kuwa Bennu, kama asteroidi Ryugu ambayo Wajapani walileta vipande vyake mwaka 2020, inafanana sana na kundi adimu la vimondo liitwalo CI. Hiyo "I" ni Ivuna, kusini magharibi mwa Tanzania, ambako jiwe la gramu 705 hivi lilianguka tarehe 16 Desemba 1938. Kipande chake kikubwa kiko kwenye jumba la makumbusho London.

Kimondo cha Mbozi tunakijua, maana ni kikubwa na tunakigusa. Ivuna, jina linalotajwa kila siku kwenye maabara za watu, wangapi tunalijua? Rada ile ilitupatia vitabu. Hii nyingine inatudai ukurasa mmoja ndani yake.