Mpira wa Breki Ulipita Wapi?

Modeli za malori hazikuanzia mezani kwa mtoto. Zilianzia kwenye mkoba wa muuzaji. Mwaka 1949 Airfix, kampuni ya Uingereza iliyojulikana zaidi kwa vitana vya plastiki, ilitengeneza trekta dogo la Ferguson ili mawakala wa mauzo walibebe kwenda kuwaonyesha wateja. Trekta hilo liliunganishwa kwa mkono na lilikuwa likivunjikavunjika. Baadaye wakaona afadhali wauze vipande vikiwa vimetengana, mnunuzi ajiunganishie mwenyewe.

Marekani nako hadithi ni hiyohiyo. AMT, herufi zinazosimama badala ya Aluminum Model Toys, ilianzishwa 1948 na West Gallogly, wakili wa eneo la Detroit aliyekuwa na watu wa kuongea nao pale Ford. Kazi yake ilikuwa kutengeneza magari madogo ya kuwekwa kwenye maduka ya wauza magari. Baba anaangalia Ford mpya, mtoto anapewa Ford ndogo ya rangi ileile, na usiku nyumbani mtoto ndiye anayefanya kampeni. Plastiki ya mwanzo ilikuwa mbaya, baada ya miaka michache gari lilijikunja kama jani la mgomba juani. Mwaka 1958 AMT wakaanza kuuza visanduku vya vipande ambavyo mnunuzi aliweza kuviunganisha kwa namna 3: kama gari lilivyotoka kiwandani, au lililorembwa, au la mashindano. Hapo ndipo hobi yenyewe ilipopata miguu, kwa sababu kwa mara ya kwanza kisanduku kilimwambia mnunuzi achague.

Malori yalichelewa kidogo. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1970 AMT walikuwa wanauza Peterbilt 359 kwa jina la California Hauler, na baada yake wakafuata wengine: Kenworth W-925, Autocar, GMC Astro 95, Freightliner, na matela ya kuvutwa nyuma. Yote kwa uwiano wa 1/25, maana yake kila sentimita 25 za lori la kweli zinakuwa sentimita 1. Tela la futi 40 linakuwa na urefu wa sentimita 49 hivi. Tairi la mita moja linakuwa sentimita 4. Ndani ya kisanduku ulikuta injini ya dizeli kamili, springi, diferensho mbili za nyuma, matangi, kitanda cha dereva nyuma ya kabini. Si kazi ya jioni moja.

Wakati wenyewe ulikuwa unawabeba. Mwaka 1971 Steven Spielberg, kijana bado, alitengeneza filamu ya televisheni iitwayo Duel: Peterbilt kuukuu lenye matope na masizi linamfukuza mtu mmoja barabarani, na dereva wake haonekani sura hadi mwisho. Ikaja shida ya mafuta ya 1973, migomo ya madereva, redio za CB, tamthilia ya Movin' On iliyoanza 1974 ikiwa na Kenworth kama mhusika, wimbo wa Convoy wa 1975. Ghafla dereva wa lori alikuwa shujaa, naye AMT hakulala: Kenworth ya Movin' On ikaingia kisandukuni.

Lakini kilichoitofautisha hobi ya malori na ile ya magari madogo si sinema, ni namna lori linavyonunuliwa. Gari dogo linaamuliwa na kiwanda. Ukinunua, umenunua kama mwenzako alivyonunua. Lori la Kimarekani la zama hizo, hasa Peterbilt na Kenworth, liliagizwa. Mwenye fedha alichagua injini ya Cummins, Caterpillar au Detroit, akachagua giaboksi, urefu wa fremu, aina ya ekseli, matangi mangapi na yakae upande gani. Malori 2 ya mfano mmoja yaliyotoka wiki moja yanaweza yasifanane chini kabisa. Sasa kisanduku kina lori moja tu. Kwa hiyo aliyetaka kutengeneza lori la baba yake au la kampuni ya mtaani kwao alilazimika kuchukua msumeno, akaikata fremu, akaiunganisha upya, akachomoa injini kwenye kisanduku kingine. Ufundi wa modeli za malori ulizaliwa kwenye mkato huo. Siku hizi kuna wanaomwaga rezini kwenye kalibu ndogo nyumbani na wanaochapa vipuri kwa printa za 3D, ila swali ni lilelile: lori *lipi* hasa?

Kisha vinakuja vile ambavyo watu wa nje huviita vikorombwezo. Mimi neno hilo silikubali hapa. Chukua breki za upepo. Kompresa kwenye injini inasukuma upepo kwenye mitungi iliyofungwa kwenye fremu. Kutoka hapo unakwenda kwenye vali iliyo chini ya pedeli, halafu kwenye vyumba vya breki kwenye kila ekseli, na mwingine unavuka kwenda kwenye tela kupitia ile mipira iliyojikunja kama springi nyuma ya kabini. Kwenye breki za kuegeshea springi ndizo zinazobana, upepo ndio unaoachia. Ndiyo maana lori lililopoteza upepo haliserereki tu, linagoma kuondoka. Mpira wa milimita 12 kwenye uwiano wa 1/25 unakuwa nusu milimita. Kisandukuni mingi haimo. Fundi wa modeli anatafuta waya mwembamba wa umeme, anauchuna, anaupitisha. Na huwezi kuupitisha bila kujua unatoka wapi na unaishia wapi. Mtu wa benki au mwalimu wa hesabu, ambaye hajawahi kulala chini ya lori maishani, analazimika kulijua lori kama fundi wa gereji anavyolijua.

Vivyo hivyo kwenye kuchakaza. Anayeanza hunyunyiza rangi ya kahawia kila mahali, lori linaonekana kama limetoka kukaangwa. Aliyekomaa anajiuliza: kiatu cha dereva kinakanyaga wapi akipanda? Hapo rangi imetoka na chuma kinang'aa. Dizeli inamwagika wapi? Chini ya mfuniko wa tangi, na vumbi linagandia hapohapo. Grisi iko kwenye kile kisahani kinachobeba tela. Masizi yako juu, nyuma ya bomba la moshi, si mbele yake. Kila doa lina mtu nyuma yake. Kuna kundi jingine, la wanaopenda kromu na rangi inayong'aa kama kioo, malori ya maonyesho. Kazi zao ni nzuri na ngumu pia, tena pengine ngumu zaidi, maana kwenye kromu kosa halina pa kujificha. Ila nikiyatazama sisikii chochote. Lori lisilowahi kubeba kitu linanipa shida kuamini kuwa ni lori.

Linalonifanya niichukulie hobi hii kwa uzito ni jambo lililotokea 1982. Kabla ya hapo majimbo mengi ya Marekani yalipima urefu wa lori pamoja na tela lake. Ukitaka tela refu, sharti upunguze kichwa, ndiyo sababu barabara zilijaa vichwa bapa ambavyo kabini imekaa juu ya injini, kama Astro 95 na Freightliner za AMT. Sheria ya usafiri wa barabara ya mwaka huo iliwazuia wakuu wa majimbo kubana urefu wa jumla kwenye barabara kuu za kitaifa, wakabaki na kupima tela. Sababu ya kichwa bapa ikaisha. Madereva wakarudi kwenye pua ndefu, yenye injini mbele na safari laini, na vichwa bapa vikaondoka taratibu kwenda kwenye vyuma chakavu. Leo ukitaka kujua kabini ile ilivyoinamishwa mbele ili fundi aifikie injini, mezani kwa mzee mmoja wa modeli utaiona, haraka kuliko barabarani.

Kalibu nazo zina maisha yao. AMT ilinunuliwa 1978 na Lesney, Waingereza wa Matchbox. Lesney wakafilisika 1982, mali ya AMT ikaangukia kwa Ertl wa Iowa, kampuni ambayo mwanzilishi wake, Fred Ertl, alianza 1945 kwa kuyeyusha pistoni za alumini nyumbani kwake ili atengeneze matrekta ya kuchezea. (Ukipita kwa mafundi wa masufuria wa Dar es Salaam au Nairobi utaona pistoni zikiingia moto uleule.) Leo chapa hiyo iko kwa Round 2, nao wamelitoa tena lile California Hauler, vipande vilevile. Ulaya, Italeri ya Italia wakashika zamu kwa uwiano wa 1/24, na Scania na Volvo zao ndizo zilizo karibu zaidi na macho yetu sisi.

Maana na sisi tulikuwa tunatengeneza. Lori la waya, fremu ya mbao, magurudumu ya kandambili iliyokatwa au ya vizibo vya soda, bodi ya kopo la mafuta ya kupikia, na fimbo ndefu yenye usukani juu ili ulisukume ukitembea. Malawi wanaliita galimoto, na Karen Lynn Williams aliandika kitabu cha watoto chenye jina hilo mwaka 1990. Tofauti na modeli ya Detroit, lori la waya lilikuwa na kazi: lilibeba mchanga, lilipinduka, lilitengenezwa. Lakini macho yalikuwa yaleyale. Mtoto wa kando ya barabara kuu aliyejua Leyland na Scania hakukosea umbo la kabini. Aliweka vioo vya pembeni, aliweka madigadi ya mpira, na aliyekuwa na mkono mzuri aliandika hata maneno ya nyuma. Hakuna kalibu iliyobaki. Mvua ilikunja mbao, waya ukaenda kufunga banda la kuku.

Na malori yenyewe waliyoyaiga? Rhodesia ilipojitangazia uhuru Novemba 1965 na mafuta ya Zambia yakakatwa, Dar es Salaam ndiyo iliyobeba mzigo. Mapipa ya mafuta yalipanda kwenda Tunduma na shaba ikashuka, juu ya barabara ya udongo ambayo Waingereza waliibatiza njia ya jehanamu. Kampuni ya Zambia Tanzania Road Services iliundwa 1966, na malori yake yalikuwa Fiat 682, yale ambayo Waitaliano waliyaita *baffo*, sharubu, kwa sababu ya pambo la puani. Bomba la mafuta lilianza kazi 1968, reli ya TAZARA ikafuata katikati ya miaka ya 1970. Kati ya hapo, mpaka Zambia kupumua ilitegemea sharubu hizo kupanda Kitonga.

Ningependa kuona mtu akilijenga lori hilo, si kama lilivyotoka Torino, bali kama lilivyokuwa mwaka wa pili wa kazi. Vumbi la Iringa ni jekundu, kwa hiyo kahawia ya Arizona haitafaa. Pipa la mafuta linaacha alama ya duara kwenye sakafu ya bodi. Kabari ya mbao ya kuzuia tairi mlimani lazima iwe na mahali pa kukaa, na mahali hapo pawe ambapo utingo anaweza kuifikia akiruka lori likiwa bado linakwenda. Picha nilizowahi kuziona zimepigwa kwa mbele, lori limesimama, dereva ameweka mkono kiunoni. Hakuna aliyeinama apige chini ya fremu, na hakuna aliyezunguka nyuma wakati turubai linafungwa. Utingo aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1967 leo anakaribia 80. Huyo anajua kamba ilianzia kulia au kushoto, na dumu la maji lilining'inia upande gani.