Wanyama, Magofu na Ziara katika Nchi ya Bagamoyo

Mtu asafiriye kwa gari kutoka mji wa Bagamoyo kwenda Saadani hupitia Makurunge. Nyuma yake huacha misikiti, makaburi na majumba ya kale. Mbele yake hutarajia twiga, tembo na simba. Wageni wengi watokao ng'ambo huja Tanzania kwa ajili ya wanyama, mlima au fukwe. Magofu huyatazama wakipata nafasi. Atakaye kujua sababu ya kivutio kimoja kupendwa kuliko kingine hana budi kutazama historia ya vitu vyenyewe, maana hakuna kitu kilichozaliwa kikiwa kivutio.

Saadani ilikuwa bandari ya biashara katika karne ya 19. Mtawala wake, Bwana Heri bin Juma, alipigana na Wajerumani tangu mwaka 1888 hata 1890. Katika miaka ya 1960 nchi hiyo ilitengwa kuwa pori la akiba, na mwaka 2005 ikatangazwa rasmi kuwa Hifadhi ya Taifa, ya pekee katika Tanzania bara iliyo na ufuko wa Bahari ya Hindi ambao wanyama wa porini huufikia. Sifa hiyo ndiyo iwavutayo watu. Waendao kumtazama twiga ni wengi. Waulizao habari za Bwana Heri ni wachache.

Mjini Bagamoyo mambo ni mengine. Huko misheni ya Kikatoliki ilianzishwa mwaka 1868, na kijiji cha watumwa waliokombolewa kikawekwa. Maiti ya Livingstone ililetwa hapo mwezi Februari 1874 kabla ya kuvushwa Unguja. Kwa ajili hiyo wageni huelezwa zaidi habari za utumwa, hata jina la mji hufasiriwa kuwa kilio cha mateka aliyekata tamaa. Utumwa ulikuwapo, wala hapana wa kuukana. Lakini wengi waliofika Bagamoyo kwa misafara walikuwa wapagazi wa ujira, Wanyamwezi hasa, waliobeba pembe za ndovu. Na kwao kuubwaga moyo kulikuwa ni kupumzika baada ya mwendo wa miezi. Mgeni hupenda kusikia habari za mnyororo kuliko habari za mzigo, na msimulizi humpa akipendacho.

Kaole, yapata kilometa 5 kusini ya mji, ina misikiti miwili na makaburi ya nguzo. Msikiti wa kwanza huhesabiwa kuwa wa karne ya 13. Burton na Speke walipoanzia safari yao hapo mwaka 1857 nia yao ilikuwa maziwa ya bara, si mawe hayo. Neville Chittick aliyachimba mwaka 1958, na tangu hapo wataalamu wameyajali. Hata hivyo Kaole ilikuwa na wageni wake kabla ya wataalamu. Watu wa pwani huenda kuzuru kaburi la Sharifa na kuomba dua. Wao hawaitwi watalii. Kiswahili kilikuwa na neno ziara zamani kabla ya neno utalii kuenea.

Hapo ndipo ilipo kasoro ya kulinganisha vivutio kwa hesabu ya malangoni tu. Mnyama hahitaji mkalimani: amtazamaye hustaajabu hata kama hajui lolote. Gofu lataka mtu ajuaye, na asiyeelezwa huona ukuta uliobomoka. Kwa hiyo uchache wa watazamaji wa gofu waweza kuwa dalili ya uchache wa waelezaji, wala si upungufu wa thamani. Tena aendaye kaburini kwa dua, na mwanafunzi aendaye na mwalimu wake, huleta fedha kidogo kuliko mgeni wa ng'ambo, ingawa uhusiano wao na mahali hapo ni wa ndani zaidi.

Jambo hili si la maneno matupu. Fedha za matengenezo zikifuata wingi wa wageni, kinachopendwa kitazidi kupendeza, na kilichosahauliwa kitazidi kubomoka. Twiga afapo huacha watoto. Ukuta wa mawe ya matumbawe ukianguka hauzai mwingine. Hifadhi na magofu vyote vyastahili kutunzwa, lakini magofu hayawezi kungoja mpaka yapendwe.