Thripi: mdudu mdogo anayedhoofisha vitunguu

Thripi wa kitunguu, anayejulikana kisayansi kama Thrips tabaci, ni mdudu mwembamba mwenye urefu wa takriban milimita 1. Hupatikana katika nchi nyingi zinazolima vitunguu, Uganda ikiwemo. Hujificha katikati ya mmea, pale majani machanga yanapokutana, hivyo mkulima huweza kupita shambani kila siku bila kumwona.

Mdudu huyu hukwangua jani na kufyonza utomvu wake. Jani hubaki na mabaka yanayong'aa kama fedha pamoja na vitone vyeusi vya kinyesi. Baadaye ncha hukauka, na kitunguu hukomaa kikiwa kidogo.

Dalili hizo hufanana na za ukosefu wa maji. Katika maeneo kama Ajia, Arua na Koboko ni rahisi kukosea, kwani kiangazi cha West Nile, takriban Desemba hadi Machi, humfaa sana mdudu huyu. Joto na ukavu huharakisha ukuaji wake, ilhali mvua kubwa humwosha kutoka majanini.

Jike hutaga mayai ndani ya jani. Mabuu hula majani, kisha hushuka udongoni kukamilisha ukuaji. Wakati wa joto, kizazi kimoja huchukua takriban wiki 2 hadi 3, na jike huweza kuzaa bila dume. Dawa ya aina moja ikirudiwa mara kwa mara, wadudu wachache wanaosalia huzaa wengine wasiodhurika nayo.

Thripi pia hueneza virusi vinavyosababisha madoa ya njano kwenye majani ya vitunguu, ambavyo viliripotiwa kitaalamu nchini Kenya na Uganda mwaka 2011. Buu huvipata anapokula mmea mgonjwa, naye huvieneza akishakomaa. Mmea ulioambukizwa hauna tiba.

Si kila uharibifu hutokana na thripi. Miche iliyokatwa usiku karibu na ardhi kwa kawaida ni kazi ya sota.

Mkulima hushauriwa kufunua majani ya mimea kadhaa angalau mara 1 kwa wiki, kuondoa masalia baada ya mavuno, na kutopanda miche mipya kando ya shamba kuukuu la vitunguu. Kumwagilia majani kutoka juu asubuhi hupunguza wadudu na huyapa majani muda wa kukauka. Utafiti uliofanywa Kenya ulionesha kuwa kuchanganya vitunguu na karoti hupunguza thripi.

Dawa ikilazimu, zitumike kwa kupokezana zile za makundi tofauti, na siku za kusubiri kabla ya kuvuna zizingatiwe. Arua ina kituo cha utafiti wa kilimo cha Abi, kilicho chini ya shirika la taifa la utafiti wa kilimo, NARO.